Kiuno, miguu na mkojo: dalili za mapema za maradhi ya moyo na figo

Kuna ujumbe ambao hauachi kuingia kwenye simu ya studio. Maneno hubadilika, swali ni lile lile: "Mama alikuwa na sukari miaka mingi. Sasa amepungua mwili na sukari imeshuka yenyewe. Amepona?" Tumeshalijibu hewani, lakini dakika chache za kipindi hazitoshi, na wengi mmeomba tuandike ili muweze kusoma taratibu na kumsomea mzee nyumbani. Jibu fupi: huenda hajapona hata kidogo, na huenda figo zake ndizo zinazoomba msaada. Jibu refu ni hili lifuatalo.

Moyo, figo na chakula ni ukoo mmoja

Kwa miaka mingi kisukari kilikuwa na kliniki yake, presha yake, figo zake. Mtu mmoja alizunguka milango mitatu akiwa na kadi tatu. Mwezi Oktoba 2023 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa mwongozo unaosema matatizo hayo yatazamwe kama kitu kimoja chenye hatua, kuanzia sifuri hadi nne. Wameunganisha moyo, figo na umetaboli. Neno hili la mwisho lisikutishe. Ni namna mwili unavyogeuza chakula kuwa nguvu, unavyotumia nguvu hiyo na unavyohifadhi inayobaki.

Hatua sifuri ni mtu asiye na tatizo. Hatua ya kwanza, mafuta mwilini yamezidi, hasa tumboni, au sukari imeanza kupanda kidogo. Ya pili, presha au kisukari kimeingia, mafuta kwenye damu si mazuri, au figo zimeanza kupungua uwezo. Ya tatu, moyo au mishipa imeshapata madhara lakini mwenyewe hana habari. Ya nne ndiyo ile tunayoijua sote: kiharusi, shambulio la moyo, moyo kushindwa kusukuma damu, na kwa wengine figo zimekufa pamoja. Angalia jinsi ngazi hiyo ilivyo ndefu. Kati ya hatua ya kwanza na ya tatu kwa kawaida hakuna kinachouma. Mtu analima, anakwenda mnadani, anacheza ngoma harusini.

Vinavyoshikana ndani ni hivi. Mafuta ya tumboni, yale yanayozunguka ini na utumbo, hayakai tu kama akiba. Yanatoa kemikali zinazoufanya mwili usiisikie vizuri insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye misuli. Sukari inabaki kwenye damu na polepole inaharibu kuta za mishipa midogo. Mishipa midogo imejaa sana kwenye figo. Kila figo ina vichujio vipatavyo milioni moja, na figo mbili zenye afya huchuja kama lita 180 za majimaji kwa siku, kisha karibu yote hurudishwa mwilini na sisi tunakojoa lita moja na nusu hivi. Sukari na presha vikivibana vichujio hivyo mwaka baada ya mwaka, vinatoboka na kuanza kupitisha protini, kisha vinaziba. Figo iliyochoka haitoi chumvi na maji ipasavyo, kwa hiyo presha inapanda zaidi, na moyo unasukuma dhidi ya mzigo mkubwa zaidi. Ndiyo maana mgonjwa wa figo mara nyingi haondolewi na figo yenyewe. Moyo ndio unaosimama kwanza.

Kamba ya katani inatosha kuanzia

Madaktari hutazama mambo matano kujua kama umetaboli wa mtu umeyumba: kiuno, presha, sukari kabla ya kula, na aina mbili za mafuta kwenye damu. Matatu kati ya hayo yakiwa mabaya, mtu huyo yuko njiani kuelekea kisukari na maradhi ya moyo hata kama leo anajisikia mzima. Presha inayohesabiwa hapa ni kuanzia 130 juu au 85 chini, na sukari ya asubuhi kabla ya kula kuanzia 5.6 kwenye mashine ya kidole. Hizo si namba za ugonjwa bado. Presha hutajwa kuwa ugonjwa kuanzia 140 kwa 90 ikirudiwa siku tofauti, na kisukari kuanzia 7 kabla ya kula. Mafuta ya damu yanahitaji maabara ambayo zahanati nyingi hazina, na hatutaki mtu ashindwe kuanza kwa sababu hiyo.

Kiuno unaweza kukipima mwenyewe. Tafuta mahali katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumua kawaida, usivute tumbo ndani. Kwa futi kamba ya fundi cherehani, kipimo kinachotumika kwa watu wa kwetu ni chini ya sentimita 94 kwa mwanaume na chini ya 80 kwa mwanamke. Kama huna futi kamba, chukua kamba yoyote, ikate ilingane na urefu wako kutoka kisigino hadi utosini, ikunje mara mbili. Kamba hiyo iliyokunjwa ikishindwa kuzunguka kiuno chako, kiuno ni kikubwa kuliko nusu ya urefu wako, na hilo ni onyo.

Tunajua mazungumzo haya ni magumu vijijini. Kitambi bado kinasomwa kama dalili kwamba mambo yamenyooka, na mama akipungua mwili majirani wanaanza kunong'ona kuhusu virusi. Wapo wanaoogopa kupungua kuliko wanavyoogopa kiharusi. Ila pia si kweli kwamba mtu mwembamba yuko salama. Kuna mtu mwenye mikono na miguu membamba na tumbo lililojitokeza, na huyo hatari yake inaweza kuzidi ya mnene aliyejaa sawasawa, kwa sababu ana mafuta ya tumboni na hana misuli.

Hadithi hii si ya mjini peke yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliopima watu wazima wa miaka 25 hadi 64 hapa Tanzania ulikuta takriban mmoja kati ya wanne ana presha, na karibu asilimia 9 wana kisukari. Mkoani Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipima figo za watu majumbani, wa mjini Moshi na wa vijijini, ukakuta takriban asilimia 7 wana ugonjwa sugu wa figo. Mjini hali ilikuwa mbaya zaidi kuliko kijijini. Lakini kati ya waliokutwa na tatizo, ni kama mmoja tu kwa kumi aliyekuwa akijua.

"Ni uzee tu"

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo husahaulika kabisa, na kwetu sisi ndiyo iliyotusukuma kuandika. Mzee anaanza kutembea polepole. Ndoo iliyokuwa nyepesi imekuwa nzito. Anachoka kabla ya jua kupanda, nguo zinamlegea, hatoki tena kwenda kibarazani kwa jirani. Watoto wanasema ni uzee tu. Wengine wanatafuta aliyemroga.

Udhaifu huu wa mwili una vipimo vyake. Mwaka 2001 daktari wa Marekani, Linda Fried, na wenzake walichapisha alama tano baada ya kufuatilia zaidi ya watu 5,000 wenye miaka 65 na zaidi: kupungua uzito bila kukusudia, kuchoka mno, kushika kitu kwa mkono usio na nguvu, kutembea polepole, na kupungua kwa shughuli. Mwenye alama tatu au zaidi ni dhaifu. Mwenye moja au mbili yuko mlangoni. Waliokuwa na alama hizo walianguka zaidi, walilazwa zaidi na walifariki mapema zaidi kuliko wenzao wa umri ule ule. Tunarudia: wa umri ule ule. Kwa hiyo si miaka peke yake inayoongea. Na hapa nyumbani, wilayani Hai, watafiti wamepima udhaifu wa wazee vijijini na kuonyesha kwamba vipimo vifupi vinaweza kutumika nje ya hospitali kubwa.

Tangu hapo tafiti nyingi za nchi mbalimbali zimeona udhaifu wa mwili ukitembea pamoja na maradhi ya moyo na figo, na mshale unakwenda pande zote mbili. Moyo usiosukuma vizuri unainyima misuli damu. Figo zilizochoka huacha uchafu na asidi kwenye damu, hamu ya kula inakwisha, damu inapungua, misuli inayeyuka. Kwa upande wa pili, misuli ndiyo ghala kubwa la sukari mwilini. Mtu akipoteza misuli, sukari inayotoka kwenye ugali haina pa kwenda. Mafuta yanachukua nafasi ya misuli, na tunarudi kule kule kwenye insulini isiyosikika. Ndiyo maana mzee anaweza kuwa mnene na dhaifu kwa pamoja. Unene wake unaficha misuli iliyokwisha.

Kipimo cha kutembea kinahitaji uwanja ulio sawa na simu, hata ya kitochi, kwa kuwa nyingi zina saa ya kuhesabu sekunde. Pima mita nne chini, weka alama mbili. Mzee aanze hatua kadhaa nyuma ya alama ya kwanza, atembee mwendo wake wa kawaida. Bakora yake kama anayo aitumie. Ikimchukua zaidi ya sekunde tano kutoka alama hadi alama, mwendo wake umeshuka. Kingine ni kiti imara kisicho cha kuzunguka wala cha plastiki inayopinda: akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano mfululizo. Zaidi ya sekunde 15, au akishindwa, ni ishara ya misuli dhaifu ya miguu. Mtu mwingine asimame karibu asije akaanguka. Mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu au goti linalouma sana asifanye.

Matokeo mabaya hapa hayamaanishi kwamba ana ugonjwa wa figo au wa moyo. Yanamaanisha kuna sababu ya kwenda kupimwa, na kwamba hatupaswi kusubiri miguu ivimbe.

Mahali ambapo namba hudanganya

Turudi kwa yule mama ambaye sukari imeshuka yenyewe. Figo zenye afya husaidia kuiondoa insulini kwenye damu ikishamaliza kazi. Figo zikichoka, insulini hukaa muda mrefu zaidi, iwe ya mwili wenyewe au ya sindano. Baadhi ya vidonge vya kisukari pia hutegemea figo kutoka mwilini, na glibenklamidi ni mfano mmoja unaojulikana sana huku kwetu. Basi mgonjwa aliyekuwa akipata 12 anaanza kupata 6, kisha 4, halafu siku moja anatoka jasho, anatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka na kuzimia. Familia inashangaa kwa sababu walishachinja kuku wa shukrani. Ongeza hapo kwamba amepungua uzito na anakula kidogo, na picha nzima inaonekana kama uponyaji. Sukari inayoshuka bila mtu kubadilisha chakula wala dawa ni jambo la kumpeleka kliniki wiki hiyo hiyo. Akionyesha dalili za kushuka sana na bado anaweza kumeza, mpe maji yenye sukari au soda ya kawaida, kisha msafiri. Aliyepoteza fahamu asimwagiwe kitu mdomoni, apelekwe haraka.

Uongo wa pili uko maabara. Kipimo cha kawaida cha figo kinaitwa kreatinini. Ni taka inayotokana na misuli, na figo huitoa. Ikiwa juu kwenye damu, figo zina shida. Lakini mzee aliyebaki mifupa na ngozi hatengenezi kreatinini nyingi, kwa sababu misuli haipo. Karatasi inaweza kuandika kiwango cha kawaida wakati figo zimeshapoteza sehemu kubwa ya kazi. Kutoka kwenye kreatinini, umri na jinsia hukokotolewa namba inayoonyesha figo zinachuja kiasi gani. Ikikaa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi mitatu, huo ni ugonjwa sugu wa figo. Kwa mtu dhaifu sana hata namba hiyo hupendelea kuwa nzuri kuliko ukweli. Kipo kipimo kingine kiitwacho sistatini C ambacho hakitegemei sana misuli, ila hupatikana zaidi kwenye maabara kubwa.

Ndiyo maana mkojo una thamani. Protini iitwayo albumini ikionekana kwenye mkojo ni moja ya dalili za mapema kabisa kwamba vichujio vinavuja, na inatabiri maradhi ya moyo pia, si ya figo tu. Kijiti cha kupima mkojo ni cha bei ndogo na vituo vingi wanacho, kwa sababu akina mama wajawazito hupimwa nacho. Kikionyesha protini, kipimo kirudiwe, maana homa, kazi nzito au maambukizi ya njia ya mkojo huweza kuitoa kwa muda. Kisipoonyesha, mwenye kisukari asijipongeze sana. Kijiti hakioni kiasi kidogo, na hospitali ya wilaya au ya mkoa inaweza kufanya kipimo kikali zaidi. Mkojo wenye povu jingi lisilokwisha, siku baada ya siku, usiupuuze.

Mtu anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi naye aulize kuhusu figo zake, kwa kuwa virusi vyenyewe na baadhi ya dawa hizo huweza kuzigusa. Asiache dawa, aulize tu, kule kule kliniki anakochukulia.

Duka la dawa

Mzee ambaye magoti yanamuuma anakwenda dukani kununua diklofenaki au ibuprofeni. Anameza leo, kesho, msimu mzima wa palizi. Dawa za kundi hili hupunguza damu inayoingia kwenye figo, hupandisha presha na hufanya mwili ushike maji. Kwa kijana mzima, siku mbili tatu si neno. Kwa mtu mwenye presha, kisukari, moyo dhaifu au umri mkubwa, hasa akiwa ameharisha au ametoka juani bila kunywa maji, zinaweza kuangusha figo ndani ya siku chache. Tungependa wauza dawa wawe wanauliza "Una presha?" kabla ya kutoa kidonge, na tumewasikia wachache wanaofanya hivyo. Parasetamoli kwa kipimo chake ni salama zaidi kwa figo. Mitishamba isiyojulikana imechanganywa na nini iko kwenye fungu hilo hilo la hatari.

Kwa upande mwingine, dawa za presha kama losatani na kaptopili, mbali na kushusha presha, huzilinda figo zinazovuja protini. Watu huziacha wakijisikia vizuri, au kwa kuwa kaptopili imewaletea kikohozi kikavu. Kikohozi kina suluhisho: rudi, ubadilishiwe. Na kwa mzee dhaifu, presha ipimwe akiwa amekaa na tena akiwa amesimama. Ikishuka sana anaposimama, dawa zinaweza kuwa nyingi mno kwake, na kuanguka na kuvunjika nyonga si jambo dogo.

Kula, na kutopumzishwa mno

Hapa ushauri unagongana na lazima tuseme wazi. Mnene mwenye kitambi anaambiwa apunguze chakula. Mzee anayekonda hatakiwi kupewa ushauri huo huo kwa sababu tu naye ana kisukari. Mwenye figo mbovu anaambiwa asizidishe protini, na baadhi ya familia hufikia kumnyima kabisa maharage na mayai. Mwongozo wa kimataifa wa figo wa mwaka 2024 unasema wazee wenye udhaifu na misuli iliyopungua wafikiriwe kupewa protini na nguvu zaidi. Kwa hiyo usimnyime mtu dhaifu dagaa, kunde, maziwa au yai mpaka mtaalamu amtazame yeye mwenyewe.

Chumvi haina mgongano. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, ikijumlisha iliyo kwenye mchuzi, samaki wa chumvi na viungo vya pakiti. Soda na chai yenye sukari vijiko vinne ndivyo vya kwanza kupunguza kwa mwenye kiuno kikubwa. Ugali unaweza kubaki, sahani ijae mboga zaidi na tonge zipungue.

Kuhusu mazoezi, wakulima hutuambia jembe linatosha. Kwa anayelima kweli kweli, tunakubali. Tatizo ni yule aliyeacha. Watoto wenye upendo wanamwambia baba akae kivulini, maji atachotewa, ng'ombe wataswagwa na wajukuu, kanisani au msikitini atapelekwa na bodaboda. Miezi sita ya heshima ya namna hiyo inaweza kuondoa misuli ambayo haitarudi kwa urahisi. Aendelee kufanya anachokiweza: atembee hadi kwa jirani, apepete, achambue maharage akiwa amesimama, asimame kitini mara kumi asubuhi na mara kumi jioni. Mwili uliochakaa hujenga misuli hata baada ya miaka 70, mradi kazi iongezeke kidogo kidogo.

Ukifika kituoni

Figo zikifa, njia zinazobaki ni kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki na karibu saa nne kila mara, au kupandikizwa figo. Upandikizaji wa kwanza hapa nchini ulifanyika Muhimbili mwaka 2017. Kwa familia iliyo mbali na hospitali kubwa, nauli peke yake inaweza kumaliza mifugo.

Ukiwa na miaka 40 au zaidi, au una presha, kisukari, au ndugu aliyepata figo au kiharusi, omba mambo manne: presha, sukari, mkojo, na kiuno au uzito uandikwe kwenye kadi. Ukiwa tayari na kisukari au presha, omba kreatinini na mkojo angalau mara moja kwa mwaka, na umwambie mhudumu ikiwa umekonda, ili naye ajue namna ya kuisoma namba hiyo. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wanastahili msamaha wa gharama kwenye vituo vya serikali. Mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wanajua utaratibu wa barua.

Beba dawa zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile za dukani na zile za kienyeji. Mhudumu akiziona mezani ataona mengi ambayo mdomo unasahau kutaja.